Siku ya Tisa Iliyoliwa

Bahati ya Girdhari ilimkuta kwenye kiti cha kinyozi, shavu moja limenyolewa na la pili limejaa povu. Juu ya kioo ilining'inia kalenda ya siku za mwezi, zawadi ya muuza mbolea. Girdhari alikuwa akiisoma kwa kukosa la kufanya, mara akakunja uso.

"Bwana wee, kalenda yako mbovu. Saba, nane, kumi. Tisa iko wapi?"

"Imeliwa," kinyozi akajibu, akipangusa wembe.

"Imeliwa na nani?"

Kinyozi akamtazama kwenye kioo. "Panditji, si wewe ndiye mnajimu?"

"Nilikuwa nakupima," Girdhari akasema. "Haya nieleze, nione kama umeelewa."

Kinyozi akaeleza, kwa fahari ya mtu ambaye kwa kawaida haulizwi kitu. Siku ya mwezi, yaani tithi, haina adabu ya saa. Huanza inapotaka na kuisha inapotaka, na siku nzima hupewa jina la ile tithi iliyoliona jua likichomoza. Sasa Jumanne ijayo, ya nane ingeliona jua, kisha dakika chache baadaye ingejiondokea. Ya tisa ingeingia hapo, na kabla jua la Jumatano halijachomoza ingekuwa imekwisha zamani. Haioni jua hata mara moja, kwa hiyo kwenye kalenda haimo.

"Mtu mwenye akili haanzi jambo siku kama hiyo," kinyozi akamaliza. "Geuza shingo."

Girdhari akageuza shingo, lakini mawazo yake yalikuwa yamebaki kwenye kalenda. Siku nzima isiyokuwepo! Mtu mwaminifu angeipita bila kuigusa. Girdhari aliitazama kama paka anavyotazama dirisha la jikoni lililosahaulika wazi.

Ni vizuri tukamjua mtu huyu. Katika mtaa wetu wa nyuma ya wafinyanzi, hapa Ujjain, alikuwa na miezi miwili akiitwa Acharya Trilokinath, au Panditji kwa heshima, mtabiri wa nyota. Kule Sagar alikuwa daktari wa ng'ombe. Kule Dewas alikuwa mkaguzi wa visima, cheo alichokiacha kwa kuruka ukuta, na goti la kulia halikumsamehe tena. Uzi wa Kibrahmini, alama ya tabaka la makuhani, uliopita begani kwake aliununua sokoni. Miaka hamsini na miwili, na amechoka kukimbia. Hilo namwonea huruma hata leo. Shemeji yake alikuwa na mgahawa wa chai mbele ya stesheni ya Bhopal, naye alikuwa amemwambia waziwazi: "Njoo na kitu cha maana mkononi, nusu ya mgahawa ni yako. Ukija na maneno, baki huko huko." Girdhari hakuwazia sana chai. Aliwazia kiti cha nyuma ya birika, ambacho mtu hukikalia bila kutazama mlango.

Siku hiyo hiyo alasiri alikuwa dukani kwa Dhannalal, muuza jalebi na vitamutamu vya maziwa, mtu mwenye kitambi cha heshima na mizani isiyo na heshima.

"Sethji," akamwambia kwa sauti ya chini, "unamjua Chitragupta?"

"Nani asiyemjua? Karani wa Yama, mungu wa mauti. Anaandika dhambi zetu zote."

"Anaziandika kwenye nini?"

"Kwenye daftari lake."

"Kwa mpangilio gani? Kwa mpangilio wa siku! Ya kwanza uliiba, ya pili ulidanganya, ya tatu ulimtukana mama mkwe. Sasa nikuulize, Sethji. Siku isipokuwepo, anaandika wapi?"

Mkono wa Dhannalal ukaganda juu ya karai. Jalebi tatu zikaungua, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu enzi za baba yake.

"Unataka kusema..."

"Mimi sisemi. Nyota ndizo zinasema. Jumanne, kuanzia saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili asubuhi, karani hana ukurasa. Anakaa, kalamu sikioni, anapiga miayo. Fanya utakalo."

"Hata maziwa?"

"Maziwa, mizani, ulimi wako, vyote. Lakini saa zake ni siri ya elimu, na elimu haitoki mikono mitupu."

Dhannalal akavua pete ya dhahabu, akaitazama, akaivaa tena, akaivua. Girdhari akaipokea kwa macho yaliyofumba, akamkabidhi karatasi yenye saa zilizoandikwa kwa wino mwekundu. Kisha akaongeza lile onyo lake, ambalo hakulisahau katika mji wowote, kwa sababu lilikuwa limemwokoa na malalamiko mengi:

"Na ujue, Sethji. Anayempa Brahmini kitu kisha akakichukua tena, huzaliwa funza wa kwenye kinyesi. Miaka elfu sitini."

"Elfu sitini!"

"Mfululizo."

Kufikia Ijumaa mtaa mzima ulikuwa na karatasi. Watu wetu ni wacha Mungu kweli, na mcha Mungu ana hamu nyingi alizozifungia kabatini. Bansi, dereva wa bajaji, alitaka siku moja tu ya kumwambia baba mkwe wake ukweli. Alitoa redio yake. Sajini Tomar wa kituo kidogo cha polisi alitoa kalamu yenye kichwa cha fedha, na hakusema dhambi yake ni ipi. Mimi pia nilitoa kitu, na yangu hayawahusu.

Wa mwisho alikuja Mama Phulwanti, mwenye nyumba aliyempangisha Girdhari chumba. Mjane, miaka sabini na kitu, hajaonja kitunguu tangu mumewe afariki, hajakosa kufunga siku ya kumi na moja ya mwezi hata akiwa na homa. Aliweka mbele ya Girdhari chombo cha fedha cha kunywea maji, cha marehemu mumewe, kizito, midomo ya miaka arobaini imekilainisha ukingo.

"Mama, na wewe una dhambi unayoitamani?" Girdhari akauliza, akikivuta kile chombo taratibu kwa kidole.

"Sina, mwanangu. Lakini ikipatikana siku kama hiyo, nami nikawa sina karatasi, nitajiona mjinga."

Girdhari akampa karatasi, na onyo la funza. Kikongwe akatoka, akafika mlangoni, akageuka kukitazama kile chombo. Usiku ule, na mingine iliyofuata, kila mtu mtaani alikuwa akigeukageuka kitandani akiwazia kitu alichokitoa. Majuto yalikuwa makubwa, lakini funza alikuwa mkubwa zaidi, hivyo hakuna aliyethubutu kugonga mlango wa Panditji.

Jumanne, kabla ya saa kumi na mbili, Girdhari alikuwa ameshapanga vyote kwenye sanduku la bati. Mpango wake ulikuwa safi: wao wakiwa wanashughulika na dhambi zao, yeye yuko kwenye basi la Bhopal. Akaita bajaji ya Bansi, wakalipakia sanduku, akakaa juu yake.

"Twende."

Bansi akavuta mtambo. Kimya. Akavuta tena. Akashuka, akafungua nyuma, akachungulia injini kama mtu anayesoma barua.

"Inasumbua kidogo, Panditji."

"Jana ilikuwa nzima!"

"Jana ilikuwa ya saba. Subiri dakika kumi hivi."

Hapo Girdhari akainua macho, akaona kwamba uchochoro haukuwa mtupu. Kwenye ngazi za nyumba watu walikuwa wamekaa, wameshaoga, nywele zinachuruzika, wamevaa nguo za sikukuu. Dhannalal alikuwa amepakata saa kubwa ya ukutani ya dukani kwake.

"Mbona mmeamka mapema?" Girdhari akauliza.

"Tunasubiri siku, Panditji," Mama Phulwanti akajibu kwa upole.

Jua likachomoza nyuma ya paa la hekalu. Likaiona ya nane, likaisalimu. Mkono mrefu wa saa ya Dhannalal ukasogea, ukasogea, ukagota.

"Na dakika kumi na mbili!" Dhannalal akatangaza.

Mama Phulwanti akainuka. Akaja hadi kwenye bajaji, akainama, akagusa miguu ya Girdhari, akaweka mikono pamoja kifuani.

"Namaste, Panditji. Samahani ushuke kidogo, nimekuja kukuibia."

"Mama! Kumnyang'anya Brahmini! Funza! Miaka elfu sitini!"

"Ndiyo maana sikuja jana, mwanangu."

Alifungua sanduku mwenyewe, akatoa chombo cha mumewe, akakifuta kwa ncha ya sari na kukikumbatia. Alilia palepale mbele yetu, na sisi tukatazama chini.

Girdhari akafungua mdomo kusema kwamba siku hii ni siku kama nyingine. Akaufunga. Akisema hivyo, yeye si mnajimu. Akafikiria kusema yeye si Brahmini, akakumbuka kuwa kumpiga asiye Brahmini si dhambi siku yoyote. Alizunguka kila upande wa maneno yake mwenyewe akitafuta mlango, na milango yote alikuwa ameifunga yeye.

Foleni ikajipanga, ya heshima kabisa. Kila mmoja anainama, anagusa miguu, anaiba, anapisha. Bansi akachukua redio. Dhannalal akachukua pete, akaivaa, halafu akaanza kufungua saa ya mkononi ya Girdhari.

"Sethji! Pete sawa, ni yako. Saa ni yangu!"

"Panditji, siku yenyewe ni moja. Nikichukua changu tu nitakuwa nimeipoteza bure. Nyoosha mkono."

Waliokwisha kupata vyao wakasikia hayo, wakarudi nyuma ya foleni. Ikaenda shuka, ikaenda blanketi, kikaenda kitabu cha nyota chenyewe. Mwavuli ninao mimi. Ni wa mistari, na haupitishi maji. Mwishoni Bansi akalitazama sanduku tupu, akasema litamfaa kwa vipuri, akapanda bajaji, na injini ikawaka kwa mvuto wa kwanza.

Girdhari alikwenda kituoni akichechemea. Sajini Tomar akamsikiliza kwa makini, akafungua daftari, akatoa mfukoni karatasi yenye wino mwekundu na kuilinganisha.

"Umeibiwa lini?"

"Leo, Sajini! Asubuhi!"

"Leo ya nane iliisha saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili. Kabla ya hapo uliibiwa?"

"Hapana, ila..."

"Na ya kumi inaingia kesho. Nitakuandika wapi? Kama Chitragupta mwenyewe amekosa ukurasa, mimi na daftari hili la serikali ni nani?" Akainama mezani, akachungulia chini. "Hivyo viatu ni vya ngozi?"

Girdhari alirudi peku. Kalamu yenye kichwa cha fedha ilikuwa tayari mfukoni mwa Sajini. Asubuhi ile Sajini alikuwa wa tatu kwenye foleni.

Jumatano kulipokucha alikuwa sakafuni, amejikunyata, anawazia kile kiti cha Bhopal na mtu mwingine amekikalia. Mlango ukagongwa. Mama Phulwanti aliingia na blanketi lililokunjwa vizuri na sahani ya bati yenye poha ya moto, mchele bapa uliopikwa, juu imenyunyiziwa tambi kavu za sevu.

"Nimesikia umeibiwa, Panditji. Pole sana."

"Mama, si wewe uliyeniibia? Jana!"

"Jana ipi? Jana haikuwepo." Akamfunika mabegani. "Leo ni ya kumi, karani yuko kazini. Kumsaidia Brahmini aliyeibiwa ni thawabu kubwa. Nimekuletea blanketi."

"Hili ni langu!"

"Basi litakutosha vizuri. Nibariki, mwanangu, kwa sauti, aandike."

Nyuma yake foleni ilikuwa imeshajipanga tena hadi uchochoroni. Sajini Tomar alileta viatu. Dhannalal alileta jalebi za juzi. Mimi nilileta soksi moja, maana mwavuli siutoi. Girdhari akainua mkono akabariki, mmoja mmoja, machozi yakimtiririka, na watu wakasema kumbe mtu huyu ana moyo mwepesi wa shukrani.

"Na hii siku ya kuliwa, Panditji," Mama Phulwanti akauliza, "itatokea tena lini?"

Girdhari hakusita hata kidogo. "Baada ya miaka elfu sitini, mama."

Watu wakaguna kwa masikitiko. Ndipo kutoka mwisho wa foleni ikasikika sauti ya kinyozi, aliyekuja na kalenda yake kwapani.

"Mbona hapa naona nyingine? Mwezi ujao. Tatu, halafu tano."

Girdhari akatazama vichwa vyote vikigeukia kalenda. Akavaa viatu, akajifunga blanketi, na kwa goti lile lile bovu akatoka kwa dirisha la nyuma, sahani ya poha mkononi. Sisi wengine tulitaka kumkimbiza. Mama Phulwanti akatuzuia kwa mkono, akasogea dirishani taratibu kumtazama akitokomea na kitu pekee ambacho angemfikishia shemeji yake.

"Mwacheni," akasema. "Sahani ni yangu, na leo ni ya kumi. Hiyo imeandikwa."