Ukombozi wa Safu ya Nyuma

Jumatatu, 4 Machi

Makomredi! (Nawaambia ninyi, kurasa, maana wenzangu wote wamekwenda kula.) Saa ya mapambano imewadia. Maabara yetu ina nafasi moja tu ya mtafiti mwanafunzi kwa mwaka ujao, na Profesa ataitoa Ijumaa baada ya kutazama matokeo yetu. Tunaoiwania ni wawili: mimi, mwana wa hoja na haki, na yule dada tunayemwita Kimya, ambaye silaha yake pekee ni kuandika lebo. Nikiikosa, narudi kuuza vifuniko vya simu dukani kwa shangazi. Haitatokea!

Kazi yenyewe: kuna protini inayoing'ang'ania DNA kama kupe kwenye sikio la ng'ombe, na inashukiwa kujazana katika seli za uvimbe. Tunazimwagia seli kingamwili ya kuitafuta, kisha rangi ya kijani ya kuifichua kingamwili hiyo. Seli ikiwaka chini ya hadubini, mhalifu yumo.

Mbinu ya leo: mgomo dhidi ya ratiba ya hadubini, chombo cha ukandamizaji kinachompa Kimya saa zote za asubuhi. Nimegoma. Peke yangu. Saa yangu akapewa Kimya.

Jumanne, 5 Machi

Nimegundua dhuluma! Visahani vya seli hukaa safu mbili katika trei moja. Safu ya mbele hupata kingamwili na rangi. Safu ya nyuma hupata rangi tu. Kingamwili haionji hata tone. Nikamuuliza Kimya ni kwa kosa gani. Akajibu, bila kuinua macho kutoka kwenye pipeti, kwamba hivyo ni vya kulinganishia, kazi yao ni kubaki giza, na je, Mwenyekiti (ndivyo aniitavyo) ameshavaa glavu?

Kubaki giza! Ndugu wa chupa moja, waliolishwa chakula kimoja! Nikahutubia friji. Ilinguruma kuniunga mkono.

Jumatano, 6 Machi

Nimetenda! Kimya alikuwa kwenye kipindi. Katika trei yangu nimegawa kingamwili kwa visahani vyote, tone kwa tone, mbele na nyuma. Kichupa changu kimekauka. Haki haina akiba!

Jioni shangazi akauliza mbona natabasamu kama mtu aliyekubaliwa posa. Nikamweleza kwamba leo nimefuta matabaka. Akasema mkono ukiwa bado mwepesi, nifute na meza.

Alhamisi, 7 Machi

Ushindi! Vyote vinawaka! Kijani kibichi kutoka ukingo hadi ukingo. Maskini Kimya: nusu ya visahani vyake ni giza totoro. Nikampa pole ya dhati. Akanitazama, akauliza vya kulinganishia nimeviweka wapi. Nikamjibu kwamba nimeviweka huru. Akacheka hadi akakaa chini. Wivu!

Ijumaa, 8 Machi

Nilipanda jukwaani (kiti, kwa kweli). Nikaonyesha picha. Nikatangaza kwamba katika maabara hii hakuna kisahani kitakachoachwa nyuma. Makofi! Yangu kwanza, kisha ya Profesa, polepole sana. Akauliza nimejuaje kwamba rangi haijajinatia yenyewe kwenye kila seli. Nikasema nina imani na seli. Akasema shahidi anayemnyooshea kidole kila mtu sokoni hajamkamata mwizi. Chumba kizima kikavunjika mbavu. Nami nikacheka, kwa mshikamano.

Nafasi kapewa Kimya. Moyo ulinidondoka hadi kwenye soksi. Niliona vifuniko vya simu, safu kwa safu, vikinisubiri.

Ndipo Kimya huyo huyo akasimama akamwomba Profesa nirudie jaribio kwa kingamwili yake iliyobaki. Akasema bila mimi maabara hii ingekuwa chumba cha kutunzia barafu. Angalau kelele zangu zinapasha watu moto. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi hicho. Profesa akakubali: nikifanya sawasawa, nitabaki kama msaidizi wa Kimya. Sharti ni moja, safu ya nyuma isipewe kingamwili. Nikaapa mbele ya wote. Kimya akanipa glavu mpya. Siku njema kuliko zote!

Jumamosi, 9 Machi

Nimelala kama mfalme, ingawa wafalme nawapinga. Nimekitafakari kiapo changu neno kwa neno. Safu ya nyuma isipewe. Sawa! Lakini nani alisema safu ya nyuma lazima iwe ya visahani vile vile? Zamu! Hawa wakishapata, warudi nyuma. Wale waje mbele wapate nao. Kufikia mchana kila kisahani kitakuwa kimeshiba, na safu ya nyuma haikupewa kitu hata mara moja. Kiapo kizima, haki nzima. Kimya atafurahi mno. Sitamwambia mapema, nisimharibie furaha.

Mkutano mkuu wa visahani vyote ni Jumatatu, saa tatu kamili asubuhi, kwenye meza iliyo kando ya hadubini. Mbele na nyuma, mje wote!