Glavu za Chumba cha Baridi

Jumanne, 4 Juni

Binti yangu amepata cheo! Msimamizi wa chumba cha baridi, kule ghala la matunda. Mtaa mzima unajua. Asiyejua yuko safarini, na akirudi nitamkuta mlangoni kwake.

Tatizo ni baridi yenyewe. Ijumaa walimpitisha humo aone kazi. Akarudi vidole vimekakamaa, nikamfungua vifungo vya koti kama enzi za chekechea. Anaanza Jumatatu, kwa majaribio. Anasema vidole vikimgomea, cheo watampa mwingine. Mwingine! Nikamwambia mikono hiyo nimeizaa mimi, nitaivalisha mimi.

Namfumia glavu za sufu, kwa kroshia. Zile ambazo vidole vinne vinalala chumba kimoja na gumba linajitegemea. Sijawahi kufuma glavu. Nimewahi kufuma kitambaa cha kufunika redio, na redio haikulalamika.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, akasema yeye atamnunulia za dukani. Alisema kwa upole. Namjua. Upole wake una meno.

Jumatano, 5 Juni

Muuza nyuzi kanipa sufu nyekundu na karatasi ya maelekezo. Akauliza kama nimezoea kuzisoma karatasi hizo. Nikamjibu nimefika darasa la saba na nilikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu, kwa hiyo tuseme nilikuwa wa kwanza.

Jamani, karatasi hii! Maneno yote yamekatwa mikia. “Mny.” “Msh.” “Rud.” Aliyeandika alikuwa anawahi wapi? Baba Watoto akavaa miwani, akasoma kwa makini, akasema hii ni dawa, kutwa mara tatu, baada ya chakula. Nikampokonya.

Nimejifumbulia mwenyewe. Mny. ni mnyororo, msh. ni mshono, rud. ni rudia. Kumbe rahisi! Halafu zikaja namba. Anza na mny. 28 (34, 40). Hapo mvivu angefuma ishirini na nane tu akanyoosha miguu. Mimi nimefuma zote. Namba haziandikwi kupendezesha karatasi. Gumba nalo lina namba tatu. Nalo litapata zote tatu.

Alhamisi, 6 Juni

Ya kwanza imekwisha! Sijapika, wamekula mkate.

Ni kubwa kiasi. Baba Watoto kaingiza mguu, ukazama mpaka goti. Gumba linahifadhi chupa ya chai bila taabu. Kosa ni la uzi, unatanuka huu.

Wifi akapita, eti kusalimia. Nikaikalia glavu. Akauliza mbona leo nimeinuka hivi kitini. Nikasema mto mpya. Akausifu mto. Akauliza anunue glavu za rangi gani. Nikamwambia yoyote ile, maana hazitavaliwa.

Ijumaa, 7 Juni

Ya pili imekwisha. Pacha kabisa wa ile ya kwanza, kwa bahati mbaya.

Lakini kichwa changu hakilali! Nimekumbuka sweta la Baba Watoto nililolifua kwa maji ya moto tukiwa wachumba. Lilitoka likimfaa mwanasesere. Basi nikainjika sufuria kubwa, nikatumbukiza glavu ya kwanza. Papo hapo wifi naye akapiga simu. Tukabishana nani amsindikize binti kazini Jumatatu. Yeye akasema shangazi ndiye anayejua kuvaa. Sikumwachia hilo. Nilipokata simu, glavu imekuwa ngumu kama soli.

Ya pili nikaiopoa mapema, kwa woga. Kwa hiyo moja ni ya mkono, na nyingine ni ya mkono pamoja na mgeni wake.

Baba Watoto akauliza kama hii supu ni ya leo.

Jumapili, 9 Juni

Chakula cha kumpongeza binti. Ndugu wote mezani. Wifi akatoa zake: nyeusi, nyembamba, ndani ya karatasi ya kung’aa. Watu wakapiga makofi. Nikatoa zangu. Ile ngumu ikasimama mezani yenyewe. Ile kubwa binti akaivaa, ikamfika kwapani.

Wifi akacheka mpaka akashika meza. Akaomba karatasi ya maelekezo. Amepita chuo cha ushonaji, na hajawahi kutuacha tusahau. Akaeleza mbele ya kadamnasi kwamba namba ya kwanza ni ya mtoto, ya pili ya mwanamke, ya tatu ya mwanamume. Unachagua moja. Moja, wifi yangu!

Nikasimama. Nikasema huyu mwanangu amelea wadogo zake akiwa bado mtoto. Ameuguza nyumba hii nilipolala hospitali, kama mwanamke mzima. Na bati lilipong’oka kwa upepo, alipanda yeye kulipigilia, mwanamume wa nyumba akiwa ameshikilia ngazi na macho ameyafumba. Namba zote tatu ni zake. Nimempima sawasawa.

Baba Watoto akakohoa. Binti akaniangalia, macho yamemlowa, akasema Mama, nitazivaa.

Sikuwa nimepanga kusema vile. Nilikuwa natafuta pa kutokea. Ila hakuna hata neno moja la uongo. Labda lile la kumpima.

Jumatatu, 10 Juni

Karudi! Hata hodi hakupiga. Akanishika mashavu kwa viganja vyote viwili. Vya moto! Bosi wake kasema hajaona msimamizi akikaa humo muda mrefu vile bila kutoka kuota jua. Majaribio yanaendelea, lakini mimi nimeshatangaza kuwa yamekwisha.

Kanieleza alivyovaa. Sufu ile iliyochemka haipitishi baridi hata kidogo. Ile kubwa aliikunja kunja mpaka ikatosha. Ndani alivaa za shangazi yake. Hilo la ndani sioni umuhimu wa kuliandika. Asubuhi wenzake walimcheka. Mchana wakauliza zinapatikana wapi.

Wifi akaja, na leo upole wake ulikuwa wa kweli. Akauliza nilijuaje kuchemsha, mbona karatasi haikusema. Nikamwambia ilisema, ila inataka msomaji. Akatikisa kichwa. Nimelichukulia kuwa ni ombi.

Kesho nafungua darasa barazani kwangu: Kusoma Maelekezo ya Kroshia Bila Kuogopa. Wifi ndiye mwanafunzi wa kwanza, nitamjulisha asubuhi. Tunaanza na sweta la bosi. Karatasi yake nimeipitia mara moja tu, inatosha. Ina namba tano kila mstari. Tutazifuma zote.

Baba Watoto nimemtuma akaazime pipa.