Punje Nyekundu za Mlima wa Mashariki

Jumatatu, 4 Machi
Leo Mkuu wa maabara katuita, mimi na shemeji. Katuonyesha jiwe la mchanga lililochimbwa chini ya bahari. Anasema mchanga huo uliporomoka enzi za kale, ukatambaa chini ya maji kama uji uliomwagika. Swali: ulitoka mlima upi? Nikadakia: wa mashariki! Shemeji, kwa ile sauti yake ya upole inayonichefua, akasema angependa kuhesabu punje kwanza. Mkuu akatabasamu. Akamtabasamia yeye! Kisha akatangaza kwamba maabara imebakiwa na nafasi moja. Atakayepatia jibu Alhamisi anabaki. Mwingine anakwenda kutunza stoo ya mawe. Mimi! Miaka kumi na minne kwenye hadubini! Na huyo kazi nilimtafutia mimi, kwa kubembelezwa na dada yake, yaani mke wangu.

Jumanne, 5 Machi
Mlima wa mashariki una ganeti, vipunje vyekundu. Wa magharibi hauna hata kimoja. Nimekodolea macho sinia yangu ya mchanga toka asubuhi. Ganeti: sifuri. Dharau tupu.
Shemeji kafika punje mia mbili na anapiga mluzi. Alipokwenda kula, nikaingia chini ya meza yake na msasa mwekundu wa seremala, nikasugua mguu mmoja mpaka ukapungua. Sasa hadubini yake itayumba, apoteze hesabu! Nikajikung'uta mikono, nikarudi kwenye sinia yangu. Aliporudi, kakunja karatasi, kaisukuma chini ya mguu, kaendelea na mluzi wake. Mtu huyu hana aibu.

Jumatano, 6 Machi
Ganeti! Themanini na tatu! Zimekaa juujuu, nyekundu, zinang'aa! Jana hazikuwepo, bila shaka zilijificha. Nyumbani nimemwambia mke wangu aanze kumwandaa kaka yake kwa huzuni. Akauliza kwa nini suruali yangu ina vumbi la mbao magotini. Ukoo ule wote unapenda maswali.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeonewa! Mkuu kainamia hadubini yangu. Akasema punje zilizosafiri kutoka mlimani mpaka baharini huwa zimelika pembe. Zangu zina makali kana kwamba zimevunjwa juzi. Na hii gundi, akauliza, nayo imetoka mlimani? Halafu macho yake yakatua kwenye mfuko wa koti langu. Msasa ulikuwa unachungulia. Rangi ileile! Shemeji akasema tu kwamba sasa ameelewa habari ya mguu wa meza. Kisha akaniombea msamaha. Mbele ya watu wote! Tangu nizaliwe sijatukanwa namna hii.

Jumatatu, 11 Machi
Stoo ya mawe. Haina hata dirisha. Shemeji alitaka kunibebea boksi, nikamnyang'anya.
Lakini nimewaza, na nimegundua walivyonidhulumu. Msasa ule ni ganeti zilizosagwa na kubandikwa kwa gundi, nazo zilitoka wapi? Si mlimani? Na mlima wenye ganeti ni upi? Basi nilipatia! Nimekiandikia kiwanda cha misasa barua, wanithibitishie mlima na waniletee karatasi ishirini za uchunguzi. Wakati nasubiri, mlango wa stoo unakwama, kwa hiyo nimeanza kuusugua kwa msasa uliobaki. Hapo chini shemeji kaweka sinia zake mpya, hazina vifuniko. Uzembe wake mwenyewe.