Kiti Kilichojitolea Kikiwa Angani

Siku ile fundi cherehani aliingia dukani kwake kwa mlango wa nyuma, kimyakimya, kama mtu anayejiibia mwenyewe. Alisukuma sanduku lake chini ya meza ya kukatia vitambaa, akakaa gizani bila kufungua dirisha. Pale kijiweni walimwita Pindo, kwa sababu hakuna suruali iliyopita mikononi mwake ikatoka bila kupunguzwa. Shida yake ni kwamba kijiwe chenyewe kilikuwa benchi lililoegemea dirisha hilohilo, na waliokalia benchi walijua kwamba saa hizo Pindo yuko angani.

Mwezi mzima alikuwa hana habari nyingine. Alikuwa hajapanda ndege tangu azaliwe, na siku tatu za mwisho aliaga watu mpaka wale ambao hakuwahi kuwasalimia. Wembe, kinyozi wa mlango wa pili, alimnyoa bure, akasema ni kwa heshima ya kijiwe, abiria wasije wakadhani huyu kapakiwa pamoja na mizigo. Mtu aliyeagwa hivyo anarudije saa tano asubuhi, siku hiyohiyo, na sanduku lake mkononi?

Basi akatulia, akasubiri benchi liishiwe na watu. Badala yake redio ya Wembe ikasoma habari. Ndege moja ya asubuhi ilikuwa imewaacha abiria kumi na moja wenye tiketi halali, kwa kuwa tiketi zilizouzwa zilizidi viti vilivyokuwepo. Msemaji wa shirika aliwashukuru abiria hao kwa kujitolea kuachia nafasi zao kwa moyo mkunjufu.

"Hebu subiri," alisikika Wembe. "Umelipa, umefika, umevuliwa mkanda na viatu, halafu unaambiwa kiti hakuna. Sasa walikuuzia nini?"

"Walikuuzia nafasi," alijibu Rubani. Huyu zamani alibeba mizigo uwanja wa ndege kwa miezi mitatu, na tangu hapo hakuna ndege iliyopita juu ya mtaa bila yeye kutaja inaumwa nini. "Kila safari kuna watu wanakata tiketi na hawatokei. Mmoja kaugua, mwingine kagombana na mkewe mlangoni. Shirika linawajua watu wake, linauza za ziada. Hiyo ni hesabu."

"Ni hesabu siku wasipokuja," alisema Bi Rufaa. "Wakija wote, inabadilika jina."

Bi Rufaa alikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu. Jina alipewa kwa sababu hakuwahi kushindwa ubishi. Ukimshinda leo, kesho anaufungua upya.

"Lakini mama, wakiuza kiti kisichokuwepo si wanauza hewa?" Wembe akauliza, kisha akajijibu. "Ingawa na ndege nayo inaruka hewani. Labda wameuza walichonacho."

Rubani akamgeukia. Akamkumbusha kwamba kila Jumamosi huwaambia watu watano waje saa kumi, na kiti anacho kimoja. Na rafiki yao Pindo, Mungu amfikishe salama, huwa anaahidi magauni ya arusi tatu kwa Ijumaa moja. Nyuma ya dirisha, Pindo akasikia masikio yanamwaka. Pembeni yake magauni mawili yalining'inia bila mikono, na wenyewe alikuwa amewaambia keshokutwa.

"Mimi ninayemchelewesha namnyoa," alisema Wembe. "Simwachi na nusu kichwa, halafu nikamshukuru redioni kwa moyo wake mkunjufu."

Benchi likacheka. Rubani akaona anazidiwa, akahamishia kosa kwa abiria. Alisema hao kumi na moja wamejitakia. Wamepewa kalamu, wamesaini. Mtu anayetia saini asichokisoma, kwa maoni yake, hakuumbiwa kuruka, aliumbiwa kutambaa.

Pindo akaingiza mkono mfukoni, akaigusa karatasi. Alikuwa ameitia saini, tena kwa mwandiko mzuri.

Ilikuwa hivi. Alifika uwanjani alfajiri, akawa mtu wa tatu kwenye foleni. Dada wa kaunta akaangalia kompyuta, akatabasamu, akamwambia akae pembeni kidogo. Pindo akakaa. Waliokuja nyuma yake wakapita, wenye mabegi ya magurudumu na kadi za kumeremeta wakapita, na yeye akaendelea kukaa, kwa sababu alilelewa kuamini kwamba mtu mzima haulizi mara mbili. Alipouliza mara ya pili ndege ilikuwa imeshapaa. Ndipo akapewa karatasi na kalamu. Atie saini hapa, apate chakula cha mchana na nafasi nyingine Jumamosi. Nyuma yake watu walikuwa wanasukumana na dada yule macho yalishamwiva kwa uchovu, Pindo akamwonea huruma. Akasaini. Akasema na asante.

Jumamosi haikumfaa. Kilichokuwa kinamngoja huko kilikuwa cha Ijumaa, saa tatu asubuhi.

Simu ikaita. Ikaita kwa ule mlio wake mkubwa ambao mtaa mzima uliujua, na Pindo akaona jina kwenye kioo. Hakuweza kupokea, wala hakuwa na moyo wa kuikata. Ikaita mpaka ikachoka. Nje, benchi lilikuwa limenyamaza.

"Hiyo simu ni ya Pindo," alisema Wembe polepole. "Ameisahau, au ameshukia njiani?"

Dirisha likafunguliwa kutoka nje. Kwa dakika nzima Pindo alistahimili kila kitu. Wembe alimuuliza huko mawinguni hali ya hewa ikoje. Rubani alitaka kujua kama walimshusha kwa ngazi au kwa kamba. Pindo akawaacha wamalize. Walipovuta pumzi, akawaambia aliyekuwa anapiga ni dada yake.

Habari za dada yake hawakuwa wakizijua, kwa maana katika mwezi mzima wa kujisifu alikuwa amezungumzia ndege tu. Mama yao alipofariki, Pindo alikuwa na miaka sita. Dada akaacha shule, akajifunza kushona, akamlea kwa cherehani ya mkono, na cherehani hiyohiyo ndiyo iliyomfundisha Pindo kazi. Miaka minane sasa mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, anajua mchana na usiku basi. Safari hii hatimaye alipata daktari. Jicho la kulia lilikuwa linapasuliwa leo mchana, bandeji inafunguliwa kesho saa tatu. Alikuwa ameomba kitu kimoja tu, kwamba bandeji ikitoka, uso wa kwanza kuuona uwe wa mdogo wake.

"Na kwa basi ni siku mbili," alimalizia Pindo.

Rubani aliangalia viatu vyake. Wembe akauliza kwa nini hakusema tangu mwanzo, ingawa jibu alilijua. Mwanamume hatangazi kijiweni kwamba anakwenda kutazamwa.

Bi Rufaa alinyoosha mkono. "Nipe hiyo karatasi, Fundi."

Aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena. Kisha akaomba tiketi, akaigeuza nyuma kwenye yale maandishi madogo kama chawa ambayo huandikwa ili yasisomwe, akayasoma yote. Pindo alianza kueleza kwamba haina maana, kwamba kosa ni lake, saini ni yake. Bi Rufaa akamuuliza kitu kingine kabisa.

"Ulipotia saini, ndege ilikuwa bado ipo?"

"Ilikuwa imeondoka zamani."

Akakunja karatasi, akamwambia achukue sanduku.

Wembe alikuwa na mteja kitini, ameshapakwa povu. Alimfuta, akamwambia arudi jioni. Mteja akauliza kama huku nako viti vimezidiwa. Wakajibana wanne katika teksi moja, sanduku mapajani kwa Rubani, ambaye njia nzima alisema jambo moja tu. Alisema kuna ndege ya shirika jingine inayokwenda mji huohuo saa kumi na moja jioni. Anaijua, huwa inakohoa kidogo ikipita juu ya mtaa.

Kwenye kaunta alikuwa yule yule dada wa asubuhi. Pindo alitaka kumsalimia na kumuuliza habari za tangu asubuhi, Bi Rufaa akamshika kiwiko.

"Mwanangu, pole na kazi," alisema. "Ndege ya asubuhi iliondoka saa ngapi?"

"Saa mbili kamili, mama. Iliondoka kwa wakati." Alilisema hilo kwa fahari kidogo.

"Hongera. Na hii saa iliyoandikwa hapa chini ya saini, mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Nisomee."

Dada wa kaunta akasoma. Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini na tano.

"Basi nielimishe mimi mtu mzima," alisema Bi Rufaa. "Huyu Fundi alijitolea kuachia kiti saa mbili na dakika ishirini na tano. Wakati huo kiti kilikuwa juu ya mawingu, na mtu mwingine amekikalia. Alikitoaje?"

Dada alitazama karatasi kana kwamba ingemsaidia. Akasema huo ndio utaratibu wao wa kila siku. Bi Rufaa akamjibu kwamba hana ugomvi naye, amwite tu mwenye utaratibu.

Akaja meneja, tai imemkaba vizuri. Alianza na samahani za jumla, zile ambazo hazimwombi mtu yeyote. Bi Rufaa alisubiri ziishe, akamsomea nyuma ya tiketi, neno kwa neno, bila kupandisha sauti. Masharti ya shirika lenyewe yalisema kwamba viti vikipungua wataulizwa kwanza wanaotaka kujitolea, na wataulizwa kabla ya safari. Anayeachwa pasipo ridhaa yake atafikishwa kwa njia ya mapema kuliko zote, hata kama ni kwa ndege ya shirika jingine, na fidia juu yake. Meneja akasema mambo ya fidia yana idara yake na huchukua muda. Bi Rufaa akamwambia hakuna neno, yeye ni mstaafu, muda ndio mali aliyobakiwa nayo. Ila jicho la mgonjwa halina muda, kwa hiyo waanze na ile ndege ya saa kumi na moja.

Pindo alisimama akiwa ameshika mpini wa sanduku kwa mikono miwili. Aliona aibu ya ajabu, kama mtoto aliyesindikizwa shuleni na mama yake kudai kalamu aliyonyang'anywa. Lakini chini ya aibu ile kulikuwa na kitu kingine kinapanda, na alipokichunguza akakuta ni hasira. Ilikuwa imechelewa tangu alfajiri.

"Niliuliza," alimwambia meneja. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyopanga. "Nilikuwa mtu wa tatu. Mliniweka pembeni kwa sababu nilikuwa mpole."

Meneja aliinama kwenye kompyuta akaandika kwa muda mrefu, akapiga simu mbili, akaandika tena. Alipoinua uso aliwaambia nafasi imepatikana, kisha akawasogelea na kushusha sauti. Akawaomba kwa hisani yao wasilizungumze jambo hili na wale abiria wengine waliokaa kule kwenye viti vya kusubiria.

Wakageuka kuangalia. Wembe hakuwa nao. Alikuwa kule kwenye viti, anampitia mtu mmoja baada ya mwingine na ile sauti yake ya kuwaita wateja, anawaomba waangalie saa iliyoandikwa chini ya saini zao. Watu kumi walikuwa wameshasimama. Foleni ilianza kujipanga yenyewe, nzuri, imenyooka, na wa mbele yake alikuwa mama mmoja aliyekunja mikono ya blauzi.

Pindo aliruka saa kumi na moja. Baadaye hakukumbuka mengi ya safari ile aliyoitangaza mwezi mzima. Alikaa katikati ya watu wawili wanene, akatazama mgongo wa kiti cha mbele mpaka wakatua.

Asubuhi ya Ijumaa alikuwa wodini saa moja na nusu, amevaa shati aliloshona mwenyewe. Wembe alikuwa amemtaka aache simu wazi mfukoni, kijiwe kisikie, na Pindo hakuweza kumkatalia. Saa tatu na dakika chache daktari alifika, akamkalisha dada kitandani, akaanza kufungua bandeji taratibu, mzunguko kwa mzunguko. Akamwambia afumbue jicho bila haraka. Pindo alikuwa ameinama mbele yake, karibu kabisa.

Dada alifumbua. Jicho lilitoka machozi, likapepesa, likatulia. Alimtazama mdogo wake kwa muda mrefu. Alitazama mvi zilizoota masikioni, na mikunjo ya paji la uso ambayo vidole vyake vilikuwa havijamsimulia sawasawa. Kisha akamgeukia daktari.

"Huyu mzee ni nani? Mdogo wangu hakupata ndege?"

"Ni mimi, Dada."

Aliisikiliza ile sauti. Akainua mkono, akampapasa shavu kama alivyozoea miaka yote minane, jicho likiufuata mkono wake mwenyewe kwa mshangao.

"Sauti ni yake," alisema. "Lakini wamemchelewesha wapi mpaka akawa hivi?"

Mfukoni mwa Pindo watu watatu waliangua kicheko kwa pamoja, na mmoja wao akaanza kupenga kamasi. Dada akauliza hao wanaocheka ndani ya shati ni akina nani.

Pindo akasema atamweleza baadaye. Akamshika mkono tu, akaacha aendelee kumtazama.