Ombi la Kufungwa kwa Duka Lililomtoga Mjukuu Wangu kwa Usafi Uliopindukia

Leland Haverkamp,
Shamba la Ng'ombe la Haverkamp,
Njia ya Changarawe Na. 9,
Nebraska.
14 Aprili

Kwa Mheshimiwa Mkaguzi wa Afya wa Kaunti,

YAH: DUKA LA KUTOGA LA BI. YOLANDA KESSEL

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Natumaini theluji ya wiki jana haikukuvunjia paa. Mimi ni mfugaji, umri wangu miaka sabini na miwili. Nimetoga masikio ya ndama zaidi ya elfu kumi na moja nikiwavisha hereni za namba, na nimetia pete puani mafahali ambao wewe, Mheshimiwa, usingethubutu hata kuwasalimia. Sisemi haya kwa majivuno. Nataka tu ujue kwamba unaandikiwa na mtaalamu.

Mjukuu wangu Brynn ana miaka kumi na tisa, nami nimemlea tangu akiwa na meno mawili. Mwezi huu alitangaza mezani kwamba anataka kutoga ulimi. Sikumkataza, maana mimi si mtu wa kale. Nilimwambia amalize maharagwe yake twende zizini, koleo la kuvishia ndama hereni lipo kwenye ndoano yake. Akasema, "Babu, nakupenda, lakini hapana." Kesho yake akanipakia kwenye gari lake mpaka mjini kwa Bi. Kessel, na huko niliyaona mambo yafuatayo.

1. Alidai kitambulisho ahakikishe umri wa Brynn. Mimi babu yake nimesimama pale pale, nikathibitisha kwamba mtoto ni wetu, nikaonyesha hata chapa ya shamba kwenye mkanda wangu. Haikutosha.

2. Alinawa mikono, akavaa glavu, akagusa droo, akavua glavu, akanawa tena, akavaa nyingine. Nilihesabu jozi nne. Jozi yangu ya ngozi naivaa tangu Brynn yuko darasa la pili, na bado ina vidole saba.

3. Alifungua pakiti ya sindano mpya mbele ya macho yetu, akaitumia mara moja, akaitupa. Sindano nzima, kali, haina hata kutu. Nikamuuliza kwa nini asitumie bastola ya kutogea masikio. Akasema ile huponda nyama, haisafishiki ikasafika, na kwa ulimi haifai kabisa. Koleo langu ni ndugu wa bastola hiyo, kwa hiyo nililichukua kama tusi la ukoo.

4. Hapa ndipo nilipoumia. Nilikuwa nimekuja na hereni ya fedha ya marehemu mke wangu, Arlene, nimeisugua vizuri kwa suruali. Bi. Kessel aliipokea kwa mikono miwili, akaisifu, akanirudishia. Alisema kidonda kibichi hakiwekwi fedha. Yeye hutumia titani ya daraja lile wanalotumia hospitalini kuungia mifupa, tena yenye cheti. Cheti, Mheshimiwa. Mimi mwenyewe sina cheti.

5. Alimuuzia kipini kirefu kuliko unene wa ulimi wenyewe. Nikasema mtu akinunua buti hapewi namba mbili zaidi. Akanijibu bila haraka, "Mzee, kesho ulimi utavimba. Kipini kikiwa kifupi kitazama ndani ya nyama. Uvimbe ukiisha, wiki mbili tatu hivi, atarudi nimwekee kifupi, kisimgonge meno wala kumla ufizi." Na kweli kesho yake ulimi ukavimba kama alivyosema, jambo linaloonyesha kwamba alikuwa na habari za mapema.

6. Nilisahau kusema kwamba kabla ya yote hayo alimmulika Brynn chini ya ulimi kwa tochi, akitafuta mishipa ya damu. Alisema kuna ndimi ambazo hazifai kutogwa, na angeukuta wake hivyo angemrudisha nyumbani. Ni mfanyabiashara gani huyu anayetafuta sababu ya kumfukuza mteja?

7. Tumerudi na karatasi ya masharti. Brynn asivute, asinywe bia, asile pilipili, asukutue kwa maji safi ya chumvi, na akague vitufe vya kipini kila siku kwa mikono iliyonawa ili asije akavimeza. Akipata homa au akipumua kwa shida aende hospitali mara moja. Hakuna mahali palipoandikwa aende kwa babu. Nyumba ya wafuga ng'ombe sasa inakula mtindi na viazi vya kupondwa.

8. Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Wa mjukuu wangu sasa una chuma, na si mimi niliyekitia. Mtoto huyu nimemtoa miiba. Nimemng'oa meno ya utoto kwa uzi na kitasa cha mlango. Leo amemfungulia kinywa mtu baki aliyemjua kwa robo saa. Imeniuma, Mheshimiwa. Naogopa siku akipatwa na jambo kubwa ataniruka tena.

Mambo hayaishii hapa. Vijana wakizoea kunawiwa mikono, kesho watataka na kinyozi anawe, keshokutwa ndama watagoma, na nchi itakosa nyama. Kwa hiyo naomba duka hilo lifungwe, na leseni yake nipewe mimi, ambaye koleo langu halijamdhuru binadamu kwa miaka hamsini.

Nisalimie wote hapo ofisini, pamoja na yule mama wa mapokezi aliyenikatia simu mara tatu.

Wako katika kazi hii ya kutoboa,
Leland Haverkamp

Nyongeza: Maneno haya anayaandika Brynn, mimi nasema tu. Jana tulikuwa tukivisha ndama hereni, mmoja akaruka, na koleo likanitoga mimi, kati ya kidole gumba na cha shahada. Hereni namba 212 ikajifunga barabara. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nilitaka kuing'oa kwa meno, Brynn akanizuia, akanawa mikono, akanifunga kitambaa safi, akanipeleka hospitali. Daktari aliuliza kama koleo lilikuwa limeoshwa. Nikatazama dari. Brynn, ambaye bado anaongea kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, akajibu kwa niaba yangu, "Lilioshwa na mvua, daktari. Mwaka juzi." Walipoanza kuikata hereni niliogopa sana, naye akanishika ule mkono mzima. Sijui alinishika nisiogope au nisikimbie, lakini hakuniachia mpaka mwisho. Barua naituma kwa sababu stempu imeshabandikwa. Duka lisifungwe.