Siku Wendelini Alipochagua Pasipo Jembe Wala Nyumba

Tueni ndoo zenu, enyi watu wa Mfaranyaki! Punguzeni sauti za redio zenu mpya zinazokula betri kuliko watoto wanavyokula ugali. Akina mama mnaopepeta mahindi, tulizeni nyungo. Nanyi wa Mshangano, mliokwisha kuzisikia habari hizi kwa vinywa vya waongo, sogeeni mzisikie kwa kinywa cha mwongo aliyekuwepo. Mababu zetu walisifiwa kwa mikuki waliyoirusha. Mimi nitamsifu mtu kwa neno moja alilolitamka, naye alilitamka juu ya kigoda.

Ilikuwa katika zama zile ambapo milango ya nchi ilifunguliwa. Kabla yake palikuwa na duka moja na sabuni moja ya mche, nayo ikiwapo, mtu hakuchagua, alishukuru. Mara zikaja sabuni za kila rangi na kila harufu, yakaja mafuta ya nywele, vikaja na vyama vya siasa, vikizaana kama sungura, na kila mwenye kipaza sauti akapita barabarani akitulilia: chagueni! Nasi tangu kuzaliwa hatukuwahi kuchagua ila kati ya picha ya jembe na picha ya nyumba, maana kila ulipofika uchaguzi wa mbunge, wagombea walikuwa wawili, mmoja akapewa jembe na mwingine nyumba, ili hata asiyejua kusoma ajue pa kuweka alama yake. Basi tulisimama mbele ya rafu za sabuni tukiduwaa, mpaka wenye maduka wakatufukuza kwa ufagio.

Katika zama hizo aliishi Wendelini, Mpasua Mabelo, Simba wa Mitumba. Zamani alikuwa mtunza ghala wa ushirika, akapunguzwa kazi kwa heshima, yaani kwa hotuba na soda. Tangu hapo aliuza nguo kuukuu za Wazungu sokoni Mfaranyaki, na asubuhi moja, alipolichana belo jipya, yaani robota la nguo, kwa kisu kama achinjaye fahali, likamwangukia kifuani shati la buluu lenye picha tatu: mtu aogeleaye, mtu aendeshaye baiskeli, na mtu akimbiaye. Chini yake palikuwa na maandishi ya kigeni. Alilivaa, nalo likamkaa.

Jirani yake katika biashara alikuwa Tadei, Ulimi wa Wembe, muuza suruali, mtu ambaye hajawahi kuona jambo la mwenzake akaliacha lipite.

“Kaka Wende,” alisema Tadei, “hilo shati ni la bei gani?”

Angejibu kwamba ni la mitumba, habari ingeishia hapo, nami leo ningekuwa shambani. Lakini kiburi kilimpanda.

“Hili haliuzwi, mdogo wangu. Hili ni la mashindano yangu. Mimi huogelea, huendesha baiskeli, halafu hukimbia, yote kwa siku moja.”

“Unaogelea wapi?”

“Nina mahali pangu.”

Neno likaenea. Songea yote ikaanza kumwita Mwanamichezo. Kila alipopita kilabuni alikaribishwa pombe ya komoni, naye aliinywa kwa unyenyekevu wa mtu aliyezoea ushindi. Mimi mwenyewe nilimkaribisha, na sijarudishiwa hata shukrani.

Kumbe dunia ina macho. Siku moja akaja sokoni Sista Walburga, muuguzi, aliyewahi kusoma Ujerumani, akitafuta masweta ya wagonjwa. Alilisoma shati, akampa Wendelini mkono.

“Hongera, baba! Sikujua kama umemaliza. Haya ni mashindano ya michezo mitatu, wenyewe wanayaita triathloni, na hii ni ile nusu yake. Shati hili hapewi ila aliyemaliza. Limeandikwa hivyo: aliyemaliza.”

“Amemaliza wapi, Sista?” Tadei aliruka kutoka nyuma ya suruali zake. “Mtu huyu juzi alivuka mto Luhira kwa mgongo wa shemeji yake!”

Watu wakaacha kupima nguo. Hata mashine ya kusaga ilinyamaza, ingawa hiyo ni kwa sababu umeme ulikatika. Ndipo Wendelini, akiwa amebanwa ukutani, akainua mkono na kuapa.

“Sijamaliza, nakiri. Lakini nitashindana! Naapa kwa somo wangu Mtakatifu Wendelini!”

“Yapi?” aliuliza Tadei. “Utashindana mashindano yapi? Jumapili hii, baada ya Misa, kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Utayataja mbele ya watu. Ukishindwa kuchagua, utalivua shati hapo hapo, nilivae mimi.”

Hivyo ndivyo vita ilivyotangazwa. Adui hakuwa maji, wala barabara, wala jua. Adui alikuwa kuchagua.

Sista Walburga, kwa huruma, alimweleza yote. Katika hiyo nusu, mtu huogelea kwanza umbali wa kutoka sokoni hadi kwa mtu wa mwisho mjini atakayepata habari kwamba amezama. Akitoka majini, hupanda baiskeli na kuendesha kama atokaye Songea akakaribia kuiona Mbinga. Halafu baiskeli huachwa, na mtu hukimbia kwa miguu, kama atokaye hapa akaishia karibu na Peramiho. Mashindano aliyoyasikia yeye yalikuwa matatu: ya Dar es Salaam, ya Mwanza, na ya Mbamba Bay kwenye ziwa Nyasa, ambako vijana wa ziwani walikuwa wakiyaandaa kwa mara ya kwanza.

Jioni Wendelini aliyapeleka hayo matatu nyumbani, kwa Benigna mkewe. Na hapa, wasikilizaji, acheni kucheka kidogo. Nyumba ile, tangu ushirika umteme baba, ilikuwa ikilishwa na baiskeli moja aina ya Foniksi, mali ya Benigna, aliyoinunua kwa pombe aliyoipika kwa mikono yake. Kila alfajiri aliipanda kwenda Mshangano, akarudi na matenga ya nyanya. Baiskeli nyingine hawakuwa nayo, wala ya kuazima.

Benigna alimsikiliza mumewe hadi mwisho, akiendelea kusonga ugali.

“Baba Kunegunda, mwaka jana mdogo wako aliiomba baiskeli hii kwenda nayo harusini Nakapanya. Ilirudije?”

“Ilirudi.”

“Ilirudi haina kengele wala kiti. Niliendesha nimesimama mpaka Pasaka. Hiyo ni Nakapanya, mkoa huu huu. Sasa unaniambia Mwanza? Ipakiwe juu ya basi, ishushwe, ipakiwe tena, na kila mpakiaji aondoke na kipande chake?”

“Ni heshima ya Songea, mama.”

“Nyanya za Mshangano hazina miguu. Wewe chagua unavyotaka, maana mwaka huu kila mtu anachagua. Lakini ukichagua kuipoteza baiskeli, mimi nami nina uchaguzi wangu.”

Aliugeuza ugali kwa mwiko, ukalia pwaa. Wendelini hakula sana.

Ikafika Jumapili. Watu walitoka kanisani na nguo zao za ibada, wakamiminika uani kwa Mzee Fransisko, balozi wa nyumba kumi, Mlinzi wa Utaratibu, ambaye ameendesha chaguzi zote za mtaa wetu na hajawahi kushangazwa na matokeo. Benigna alikuja na baiskeli yake, akaiegemeza ukutani, akasimama kando yake akiwa ameushika usukani. Mwanamume wetu alikuwa ndani ya shati la buluu, jasho likimtoka kabla ya mchezo wowote.

“Shikamoo, mzee,” alisema.

“Marahaba. Nimeelezwa. Ila nina swali kabla hatujaanza.” Mzee aliegemea fimbo yake. “Kwa nini nusu? Mngoni aliwahi kutumwa vitani akaishia nusu?”

Watu wakanguruma: kweli, kwa nini nusu! Sista Walburga akaeleza kwa upole kwamba nzima ni maradufu, yaani baiskeli ni kwenda Mbinga na kurudi, na kukimbia vivyo hivyo. Mzee akaifikiria barabara ya Mbinga, kona zake na milima yake, akakohoa.

“Nusu inatosha,” akatamka. “Sasa tupige kura, kwa utaratibu. Mwanza itakuwa jembe. Dar es Salaam, kwa kuwa ina majumba, itakuwa nyumba.”

“Na Mbamba Bay, mzee?” aliuliza Sista.

“Alama zimekwisha.”

“Si ipewe nyingine? Kikombe, au samaki?”

Mzee Fransisko alimtazama kama mtu aliyependekeza Mungu wa nne.

“Sista, mimi nimesimamia uchaguzi tangu wewe hujavaa shela. Alama ni jembe na nyumba. Samaki atapigiwa kura na nani?”

Basi vibuyu viwili vikawekwa mezani, kimoja kimechorwa jembe kwa mkaa na kingine nyumba, na kila mtu akapewa punje ya mahindi. Kampeni zikaanza. Tadei alisimama juu ya kigoda, akanyoosha mkono kama mwenye kipaza sauti.

“Ndugu wananchi! Nani hapa analala bila kula? Hakuna! Na chakula kinatoka wapi? Kwenye jembe! Atakayeikataa Mwanza amelikataa jembe, na atakayelikataa jembe mwaka huu, mwakani asije kwangu na bakuli!”

Hakuna aliyeuliza Mwanza iko mbali kiasi gani. Hakuna aliyeuliza habari za mamba wa ziwa la huko. Watu walipanga mstari, wakatumbukiza punje, na karibu kila punje ilisikika ikigonga kibuyu cha jembe. Kibuyu cha nyumba kilipata punje moja, ya fundi mwashi. Nimewadharau watu wangu mara nyingi, lakini siku ile niliwadharau mpaka nikaona uchungu, kwa sababu na mimi niliitia punje yangu kwenye jembe. Mkono ulikwenda wenyewe.

“Jembe limeshinda!” alitangaza Mzee Fransisko. “Wendelini anakwenda Mwanza!”

Vigelegele vikapaa. Benigna hakupiga kigelegele. Aliitoa baiskeli ukutani polepole, akaigeuza, ikaelekea langoni. Wendelini akamwona. Akaitazama kengele mpya, akakitazama kiti kipya, akautazama mgongo wa mkewe, na nadhani alizisikia punje zile zote zikimgonga kichwani. Tadei naye alikuwa akitabasamu, maana alijua: akienda Mwanza, nyumba yake inavunjika, asipokwenda, shati linavuliwa.

Hapo ndipo, enyi wenye masikio, alipojikaza Mpasua Mabelo. Alipanda juu ya kigoda.

“Wazee wangu, Sista, ndugu zangu. Kura nimeziona na ninazishukuru. Lakini siendi Mwanza. Dar es Salaam vilevile siendi. Nimechagua Mbamba Bay.”

“Haina alama!” alifoka Mzee Fransisko.

“Najua, mzee. Nimeichagua hivyo hivyo.”

“Kwa sababu gani?”

“Ni karibu. Na baiskeli itarudi.”

Uwanja ulitulia, na safari hii si kwa sababu ya umeme. Kwa mara ya kwanza tangu Mfaranyaki iitwe Mfaranyaki, mtu alikuwa amechagua kitu ambacho si jembe wala nyumba, tena akakitolea sababu, na sababu yenyewe ikawa na akili. Mbingu hazikuanguka. Kuku waliendelea kuparua. Mzee Fransisko akaketi, akaomba komoni.

Ndipo fundi mwashi, aliyekuwa mpweke siku nzima, akaanza kupiga makofi. Watu wakalipuka. Walimbeba Wendelini mabegani, wakamzungusha uani mara mbili wakiimba, wale wale waliomtupia Mwanza kichwani punde tu, na kila mmoja akiapa kwamba moyoni alikuwa Mbamba Bay tangu mwanzo. Nami niliapa. Tadei peke yake ndiye aliyebaki na swali, na kwa kweli lilikuwa swali zuri.

“Na kuogelea je?”

Aliyejibu ni Benigna, akiwa bado ameushika usukani. “Mimi ni Mnyasa wa Liuli, shemeji. Kwetu ziwani hata mbuzi anaogelea. Nitampeleka kwa wajomba zangu, watamtupa majini kila asubuhi mpaka aache kupiga kelele.”

Kisha akamwendea mumewe, ambaye watu walikuwa wamemtua, akamnyooshea mkono.

“Lete shati.”

“Mama Kunegunda! Nimechagua! Shati ni langu kwa haki, hata kwa masharti ya Tadei!”

“Limeandikwa aliyemaliza. Wewe umeanza.”

Akalivua. Shujaa wa Mfaranyaki alisimama kifua wazi mbele ya umma, tumbo la komoni nje, na hakuna aliyemcheka. Mkewe alikuwa akicheka vya kutosha kwa niaba yetu sote, naye hakuwa amecheka tangu ushirika ufunge ghala.

Andikeni basi, ninyi mnaoandika mambo makubwa ya nchi, kwamba katika mwaka ule wa kuchagua, ambapo wenye magari na vipaza sauti walizunguka mkoa mzima wakituomba kura, mtu mmoja wa Songea ndiye aliyechagua kweli. Msiniulize kama alifika Mbamba Bay wala alikuwa wa ngapi. Na kama mnalitaka shati, kaeni alfajiri kwenye barabara ya Mshangano. Mtaliona likipita, limekunjwa vizuri kwenye kiti cha nyuma cha Foniksi, chini ya tenga, ili nyanya zisichubuke.