Asilimia Mia ya Waliokuwepo

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye mgeni rasmi mwenyewe alikuwa anamwakilisha mwenzake aliyepata udhuru, ndugu Mtendaji wa Kijiji, ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Shule na kamati yako, baba paroko, shehe wetu, wazee mashuhuri na wazee wa kawaida, mwalimu mkuu na walimu wako, wageni mliotoka Lumemo, Michenga na hata Uchindile kwa nauli zenu wenyewe, ndugu wazazi, na mimi mwenyewe, ambaye siwezi kujisahau, Fridolin Nazari, Mratibu Mkuu wa Afua za Ujifunzaji Bonde Zima, daktari mtarajiwa wa falsafa: Tumsifu Yesu Kristo! (Milele amina.) Asalaam aleykum! (Waaleykum salaam.) Kama kuna mtu nimemruka katika itifaki, anyooshe mkono nianze upya. (Hanyooshi mtu. Mwalimu mmoja aliyekuwa anajikuna shavu anashusha mkono haraka.)

Ndugu wananchi, kabla sijasema, naomba niseme. Miaka mitatu iliyopita, mimi nikiwa ofisini, peke yangu, feni ikiwa mbovu, nilipata wazo ambalo wataalamu wa nje wamelipata kwa shida sana, nalo ni Timu ya Msaada kwa Mwanafunzi, yaani walimu watano wa shule moja wanaokaa pamoja kila wiki, wanamwangalia mtoto anayesuasua kusoma, wanampangia intavensheni ya darasani inayomfaa yeye, wanampima, na wakiona hasogei wanambadilishia mbinu, yote hayo ndani ya framuweki shirikishi yenye indiketa kumi na saba, rodimapu na impakti endelevu. (Mama mmoja anamuuliza mwenzake kama impakti ni dawa ya minyoo.) Kwa hiyo nikisema “Timu ya Msaada!” ninyi mtaitika “Ipo kazini!” Timu ya Msaada! (“Ipo kazini!” Mtendaji anaanza, wengine wanafuata kwa kuogopa kuandikwa majina.) Kwa sauti ya watu walioshiba! (“Ipo kazini!” Wanaitika na njaa yao.)

Sasa niwape takwimu, maana maneno matupu ni ya wanasiasa. Mwezi wa pili tulipima darasa la nne la shule hii, wanafunzi sabini na watano, tukakuta sitini na mmoja hawawezi kusoma sentensi moja ya Kiswahili. Sitini na mmoja! Mimi sikulala. (Dereva wake anatazama pembeni.) Wiki iliyopita, mwezi huu wa tano, tumerudi na karatasi zilezile, tukapima wanafunzi wote tuliowakuta darasani, kumi na wanne, na wote kumi na wanne wamesoma bila kugugumia, ambayo kitaalamu ni asilimia mia moja ya waliokuwepo! Kutoka sitini na mmoja hadi sifuri ndani ya miezi mitatu! Nipigieni makofi, msinionee haya. (Makofi machache. Mzee Mayunga, mkulima wa mpunga, anasimama: “Shikamoo mheshimiwa. Mwezi wa tano watoto wako mashambani wanaamia ndege. Hao kumi na wanne ndio walewale waliokuwa wanajua kusoma tangu mwanzo. Wangu hukumpima, alikuwa juu ya dungu, kichanja chetu cha kufukuzia ndege, na kombeo lake.”) Marahaba, mzee wangu, swali zuri, tutalijibu kwa maandishi. (“Na mpunga unaliwa sasa hivi tukiwa hapa,” anamalizia, anakaa. Minong'ono. Kila mtu anatazama upande wa mashamba.)

Ndugu zangu, ndege wapo tangu enzi za mababu, lakini hotuba hii ni leo tu. Nataka nikemee jambo moja lililonichoma. Yupo mwalimu hapa, simtaji jina, Mwalimu Digna wa darasa la nne, ambaye kila siku baada ya vipindi anabeba kipande cha ubao na chaki, anavuka daraja, anazunguka dungu hadi dungu akiwafundisha watoto kusoma huku wakitupa mawe kwa ndege. Bila mwongozo! Bila fomu! Ameniandikia barua kuomba ruhusa ya kuendelea hadi mavuno, eti watoto hao wana upimaji wa taifa mwezi wa kumi na wasipovuka watakariri darasa. Mimi nauliza, dungu lina kitabu cha wageni? Lina choo cha walimu? Mtoto akijua kusoma juu ya miti minne, tutaiweka kwenye indiketa gani? Kwa kuwa Timu ipo, na kazi hiyo ni ya Timu, kuanzia leo hii nimezuia. (Hakuna makofi. Mwalimu Digna ameinamisha kichwa. Ubao wake umeegemea ukuta, una tope hadi katikati.)

Lakini tusiharibu sherehe. Nilimwomba mwalimu mkuu anitafutie mtoto mmoja ambaye mwezi wa pili alikuwa hajui na sasa anajua, na amempata, ametolewa shambani asubuhi hii. Njoo, Kija binti Mayunga, soma cheti chako, wazazi waone matunda ya Timu! (Kija anapanda jukwaani, miguu ina tope, kombeo shingoni. Anasoma taratibu, kidole kikifuata maneno: “Cheti hiki ametunukiwa Kija Mayunga, aliyesaidiwa na Timu ya Msaada kwa Mwanafunzi.” Uwanja unalipuka kwa vigelegele. Mzee Mayunga anajifuta macho kwa kofia.) Mnaona! Haya, mwanangu, waambie nani amekufundisha. (“Mwalimu Digna, kule dunguni.” Anatazama tena cheti. “Shikamoo. Hawa Timu ndio akina nani?”) Marahaba. Watoto husahau haraka, shuka pole pole.

Nihitimishe, ingawa nina kurasa tisa. Shukrani zangu za pekee ziwaendee wajumbe watano wa Timu ya shule hii kwa miaka mitatu ya kujitoa bila kuchoka, na naomba wasimame tuwaone. (Hasimami mtu.) Wasimame bila aibu. (Walimu wanatazamana. Mwalimu mkuu anamnong'oneza kwa muda mrefu.) Naam. Naelezwa kwamba barua za kuwateua wajumbe hao bado zimo kwenye droo ya meza yangu, zinangoja sahihi yangu, jambo linalothibitisha, ndugu wananchi, kwamba katika miaka yote mitatu Timu hii haijafanya kosa hata moja! Timu ya Msaada! (Mzee Mayunga: “Iko drooni!” Uwanja mzima: “Iko drooni!” Kicheko, kisha watu wanaanza kuinuka, kina mama wanafunga khanga kiunoni.)

Naona mnasimama, hiyo ni heshima kubwa, lakini bado kuna ukurasa wa mwisho. Mwalimu Digna, rudisha huo ubao chini! Ukivuka lile daraja, barua ya onyo itakufuata leo leo! (Mzee Mayunga, bila kugeuka: “Barua zako hazitoki drooni, mheshimiwa.” Mwalimu Digna amekwisha kubeba ubao kichwani. Kija yuko mbele na boksi la chaki, cheti amekikunja ndani yake. Wazazi wanawafuata, walimu, shehe, baba paroko na meza kuu yote nao, isipokuwa Mtendaji.)

Elimu! Elimu, oyee! (Anaitika kunguru mmoja.) Haidhuru. Mtendaji, andika kwenye muhtasari kwamba hotuba yangu imepokelewa kwa shangwe na asilimia mia moja ya waliokuwepo. Asanteni sana kwa kunisikiliza. (Mtendaji anahesabu kabla ya kuandika. Wawili: yeye na dereva.)